Kioo Hakipimwi kwa Kilo

Kioo cha kijani cha taa ya reli, ukikishika mkononi mchana, hukioni ukijani wake. Unaona buluu iliyochanganyika na kijani kidogo, rangi ya bahari ya Bagamoyo jua likiwa utosini. Wageni wanaofika kwangu Kilosa kuangalia taa hunibishia wanaponisikia nikikiita cha kijani. Sibishani nao. Nawasha utambi, narudisha kioo mahali pake, nafunga mlango wa taa, na kila mtu chumbani anaona kijani safi.

Sababu ni mwali wenyewe. Moto wa mafuta ya taa ni wa manjano, na ukipita kwenye kioo cha kijani cha kawaida unatoka umeelemea kwenye umanjano. Dereva wa treni aliye mbali, usiku, angeweza kuudhania ni taa ya nyumba ya mtu. Mafundi wa vioo wakaongeza ubuluu kwenye kioo ili umeze umanjano wa moto. Maana yake ni kwamba rangi ile haikai ndani ya kioo peke yake. Inakamilika pale tu taa inapowashwa, na asiyewahi kuiona ikiwaka hajui alichoshika. Hilo ndilo limeniongoza katika miaka yote ya kukusanya vioo hivi, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Nimezaliwa Kilosa, mji uliokua juu ya reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na hapa kwetu ndipo njia inapoacha tambarare za Mkata na kuufuata mto Mkondoa kuingia milimani kuelekea Dodoma. Miaka ya 1960 tawi likachepuka Kilosa hadi Mikumi, kisha likasogezwa hadi Kidatu kwenye mashamba ya miwa. Mtoto wa Kilosa alijua saa kwa treni. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, wa kubadilisha pointi, na usiku alitoka nyumbani na taa ya mkono.

Taa ile ninayo. Kwa nje ni kopo la bati jeusi lenye mpini nyuma na jicho moja la kioo mbele, jicho lililovimba, nene katikati na jembamba pembeni. Kwa ndani kuna kopo la pili, dogo, linalozunguka. Juu ya kofia ya taa, pale moshi unapotokea, bati limekunjwakunjwa ili vidole vishike. Ukizungusha kofia, kopo la ndani linazunguka nalo na kuleta mbele ya mwali kioo chekundu, au kioo cha kijani, au uwazi mtupu. Mara tatu unasikia mkwaruzo mdogo wa bati kwa bati. Baba aliizungusha bila kuitazama, taa ikiwa pembeni ya goti lake, na hakukosea rangi hata kwenye giza nene. Alihesabu kwa kidole gumba. Nilipoomba anifundishe alinipa taa ikiwa imezimwa na kunifumbisha macho, nikaizungusha jioni nzima hadi nami nikajua kwa kuigusa tu.

Ubavuni kuna herufi EAR&H zilizogongwa kwenye bati. Hizo ni herufi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 kwa kuziunganisha reli za Tanganyika na za Kenya na Uganda. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa kuwa mashirika mawili, na 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ikaanzisha shirika lake. Kwa hiyo herufi hizo tu zinatosha kukuambia kuwa taa ilinunuliwa kati ya 1948 na 1969. Mkusanyaji hujifunza historia namna hii, kwa herufi zilizogongwa kwenye bati, kwa rangi iliyobaki chini ya kutu, kwa namna skrubu ilivyokatwa.

Lakini kioo kinasema zaidi ya bati. Tafuta kioo chekundu cha zamani kilichomeguka pembeni, ukiinue juani, uangalie ule ukingo uliomeguka. Baadhi ya vioo utakuta wekundu uko kwenye tabaka moja jembamba mno, na unene wote uliobaki ni kioo cheupe. Wekundu huo ni wa shaba. Kioo cha shaba ni kizito kwa rangi. Kikiwa chekundu chote hakipitishi mwanga wa maana, ndiyo maana mafundi walikipaka kwa tabaka juu ya kioo cheupe kingali cha moto. Vioo vingine ni vyekundu tangu upande mmoja hadi wa pili. Hivyo ni vya seleni, ufundi ulioenea karne ya 20. Nikiletewa kioo, jambo la kwanza ninalotazama ni ukingo. Kioo kilichomeguka, ambacho mkusanyaji wa kupamba sebule angekitupa, kwangu ndicho kinachozungumza.

Na jicho lile lililovimba lina kazi yake. Mwali wa taa ya ishara ni mdogo, haufiki mshumaa mzuri, na ukiuacha wazi unatapanya mwanga pande zote hadi unapotea. Lenzi inaukusanya na kuupeleka upande mmoja. Mfaransa Augustin Fresnel aligundua kwamba unene wa lenzi hauna kazi, kazi iko kwenye mteremko wa uso wake. Ukiukata unene na kuuacha mteremko kwa ngazi za duara, unapata lenzi nyepesi yenye nguvu ileile. Mwaka 1823 lenzi yake iliwekwa kwenye mnara wa taa wa Cordouan, Ufaransa. Reli zikaichukua kwa udogo. Mwaka 1877 Charles Houghton wa Corning, Marekani, alipata hataza ya kuzigeuza zile ngazi zikae ndani ya lenzi, na uso wa nje ubaki laini, ili theluji na vumbi visipate pa kushika. Theluji hatuna. Vumbi la Kilosa mwezi wa Septemba, mashamba ya mkonge yakiwa yamekauka, mtu yeyote aliyepita Kimamba kwa basi analijua. Nikipitisha kidole kwenye uso wa nje wa lenzi, halafu kwenye ngazi za ndani, namshukuru yule bwana.

Shida nyingine ya taa za reli ilikuwa mvua. Kioo kilichopata moto kikipigwa na mvua ya baridi hupasuka, na taa nyekundu ikipasuka kioo huonyesha mwanga mweupe. Zamani, huko Uingereza na Marekani, mwanga mweupe ulimaanisha njia iko wazi. Fikiri hilo: kioo kinavunjika, na ishara ya kusimama inageuka kuwa ruhusa ya kupita. Ajali ziliwafundisha watu wa reli kuufuta weupe na kuupa kijani kazi ya kuruhusu, ili kioo kilichovunjika kisimwambie dereva uongo. Na ajali hizohizo ziliwasukuma wanasayansi kutafuta kioo kisichopasuka. Ujerumani, Otto Schott wa Jena alikuwa ametengeneza kioo cha kuhimili joto katika miaka ya 1880 na 1890, kikauzwa kwa wingi kuwa chimni za taa za gesi. Marekani, kiwanda cha Corning nacho kikatengeneza chake kwa ajili ya taa za reli. Mwaka 1913 Bessie Littleton, mke wa mwanasayansi wa kiwanda hicho, alioka keki ndani ya kitako cha chombo cha kioo hicho, na mwaka 1915 ikaingia sokoni Pyrex. Bakuli lile ambalo mama zetu walilificha kabatini kwa ajili ya wageni wa Idi na Krismasi ni mtoto wa taa ya reli.

Maji ndiyo yaliyonifanya niwe mkusanyaji wa dhati. Mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika, tuta likapasuka, maji yakaingia mjini. Maelfu ya watu walipoteza nyumba wakaishi kwenye mahema. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa vipande vipande. Nyumba yetu ya zamani, ya udongo, ilikaa chini. Nilikuwa nafanya kazi Morogoro. Nilirudi kuwasaidia ndugu kuchimba. Tulitoa matope kwa majembe na ndoo, tope zito lenye harufu ya mizizi. Makopo ya taa ambayo baba alikuwa ameyaweka stoo yalikuwa yamekunjika, na yale yaliyochelewa kupatikana yaliliwa na kutu yakawa yanavunjika mkononi. Vioo vilikuwa vizima. Mjomba alikichota kimoja kwa koleo bila kujua, akakisuuza kwenye ndoo, akakiinua, na wekundu wake ulikuwa uleule niliouona utotoni. Rangi ya kioo cha namna hii ni madini yaliyoyeyushwa humo humo. Haichujuki, hailoweki, haipauki juani kama rangi ya khanga.

Tangu hapo nikaanza kuviuliza. Vioo vya reli kwanza, kisha chimni za karabai zilizomulika ngoma na harusi zetu kabla ya umeme, kisha taa za barabarani. Hizi za mwisho ndizo zilizonipeleka Mikumi.

Mikumi ni mji wa barabara, na barabara ndiyo inayoleta vioo. Malori ya Zambia na Kongo yanalala pale. Gereji ziko nyingi, na penye gereji nyingi hapakosi mnunuzi wa vyuma chakavu. Nguzo ya taa ikigongwa na lori huko Morogoro au Iringa, ikang'olewa na kuuzwa kihalali kama chakavu, kichwa chake huweza kuishia kwenye mizani ya kijana fulani chini ya mkwaju. Kijana anataka aluminiamu, shaba ya nyaya, na koili ya ndani. Kioo hakipimwi kwa kilo. Anachukua nyundo, anapiga bakuli mara moja, anatikisa vigae chini, anabaki na chuma chake. Niliposimama pale mara ya kwanza, ardhi kuzunguka mizani ilikuwa inameremeta.

Bakuli la taa ya barabarani ya zamani ni kazi ya hesabu kubwa. Mwaka 1893, Mfaransa André Blondel na Mgiriki Spiridion Psaroudaki waliweka hataza ya kioo chenye prizimu kila mahali, mistari midogo iliyopangwa ili kila mstari uupinde mwanga upande wake. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa kampuni ya Holophane. Ninalo bakuli moja la ukoo huo, la kutoka Mikumi, zito kuliko linavyoonekana. Ukiliweka mezani na kupitisha kucha upande mmoja, unahisi mistari imelala. Upande wa pili imesimama. Iliyosimama inautandaza mwanga kufuata barabara, iliyolala inauzuia usimpige dereva machoni. Aliyelichora alijua upana wa barabara, urefu wa nguzo, na mahali mtembea kwa miguu atakapokuwa. Nilipomweleza kijana wa chakavu haya, alikichukua kioo akakiangalia muda mrefu, akasema, "Kaka, mimi nilijua ni mapambo."

Tukapatana. Kabla ya kupiga nyundo anipigie simu, nami nalipa kioo kwa bei ambayo haimpunguzii kitu kwenye chuma. Sharti langu ni moja, nalo silegezi: aniambie kitu kimetoka wapi. Taa iliyoibwa kwenye nguzo inayofanya kazi siigusi, iwe nzuri vipi. Mtu aliyewahi kutembea na mgonjwa usiku kwenye barabara iliyoibwa taa atanielewa. Vivyo hivyo kwa reli. Kuna mtu alinijia na lenzi mbili safi kabisa, zenye alama mpya za bisibisi kwenye fremu. Nilimwambia azirudishe zilikotoka, na nikatoa taarifa.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inaulinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940, na vitu vilivyotengenezwa hapa kabla ya 1863. Ni sheria nzuri. Ila taa ya stesheni ya mwaka 1950 haiangukii kwenye mwaka wowote kati ya hiyo, na hakuna askari wa forodha atakayeuliza ikipita mpakani ndani ya gunia la chakavu. Nairobi wana Makumbusho ya Reli tangu 1971, na taa za zama zetu za pamoja zipo kule, zimefutwa vumbi, zina maandishi. Berlin, mji ambao bado una taa za gesi nyingi kuliko miji mingine, walifungua mwaka 1978 makumbusho ya wazi ya taa za barabarani katika bustani ya Tiergarten, karibu 90, kila moja ikiwa kwenye nguzo yake. Nilipoanza kusoma habari zake nilitamani sana. Kisha nikasoma kuwa wahuni walizivunja vioo mwaka baada ya mwaka, hadi ikaamuliwa zihamishiwe kwenye jumba la makumbusho ya teknolojia. Hata kule kioo ndicho kinachotangulia kufa.

Ila kukitunza kioo ni nusu ya kazi, na pengine ndiyo nusu nyepesi. Hili nimelijua kwa mzee mmoja wa Kimamba aliyestaafu reli, aliyekuwa akihudumia taa za stesheni. Nilimfuata na taa ya ishara iliyokuwa imekamilika, nikitaka tu aniambie ilikaa wapi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeileta na mafuta?"

Sikuwa na mafuta. Akamtuma mjukuu dukani. Hakutaka kuzungumzia taa iliyozimwa. Mafuta yalipokuja aliomba mkasi, akakata utambi ukawa sawa, halafu akapunguza pembe mbili kidogo tu, unene wa ukucha. Pembe zikiachwa, alisema, mwali unaota masikio na kuchora moshi kwenye kioo. Akawasha, akaushusha mwali hadi nikadhani utazima. Nikaunyooshea mkono kuupandisha, akanizuia. Bati likipata moto mwali unapanda wenyewe. Aliyeupandisha mapema akaondoka, akirudi anakuta lenzi nyeusi na treni imesimama porini. Tukakaa karibu nusu saa tukiutazama ukipanda. Ndipo akanionyesha tundu dogo lenye kioo nyuma ya taa, tundu ambalo nilikuwa nimelichukulia kuwa la hewa. Lilikuwa la mtu wa stesheni, ili akiwa mlangoni kwake, nyuma ya ishara, aone kuwa taa inawaka bila kuufuata mlingoti gizani.

Vioo alifuta kwa kipande cha khanga iliyochakaa, hakukubali karatasi wala mchanga. Aliniambia pia majina waliyokuwa wakizipa taa, ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mengine ni majina ya watu waliokuwa wakilewa. Nilirekodi yote kwa simu. Mzee huyo amefariki. Kila taa niliyoipatia habari sasa ina daftari lake: imetoka stesheni gani au barabara gani, nani aliihudumia, aliiwasha saa ngapi, kioo chake kina kasoro gani. Taa zisizo na habari nazo ninazo, kwenye rafu ya chini, na ninaendelea kuziulizia kwa wastaafu na wajane wao, maana mara nyingi mke ndiye anayekumbuka mume alirudi na harufu ya mafuta kutoka wapi.

Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua treni ya umeme ya reli mpya kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Inapita Kilosa, inaingia kwenye mahandaki ya milima ambayo baba aliizunguka kwa reli ya Mjerumani. Ishara humfikia dereva kwenye skrini mbele ya kiti chake. Nimeipanda, nimefurahi, na mvua ikinyesha milimani nina amani kuliko nilivyowahi kuwa nayo kwenye behewa la zamani. Barabarani nako taa za LED zimeingia, nyingine za sola, na mji wa Mikumi usiku si ule niliosimuliwa. Nazipenda kwa usalama wa wauza matunda na wapanda bodaboda. Naomba jambo moja tu kwa wanaozichagua: Mikumi iko mlangoni mwa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1964, barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na mwanga mweupe wenye ubuluu unaita wadudu kuliko mwanga wa rangi ya kaharabu. Msimu wa kumbikumbi tazama chini ya nguzo asubuhi. Taa za rangi ya kaharabu zipo madukani, na mafundi wa zamani wa vioo walishatuonyesha kuwa mwanga unaweza kuelekezwa unakotakiwa, usimwagike porini.

Ninachokitafuta kwa sasa ni chumba. Si jumba, chumba kimoja kwenye jengo lolote la reli ya zamani Kilosa, chenye dirisha la kusini na mlango unaofungika, ambako mwanafunzi wa sekondari ataweza kuzungusha kofia ya taa kwa mkono wake na kuona rangi tatu. Nimeandika barua; majibu ni ya heshima na mazungumzo yanaendelea. Wakati huohuo yule kijana wa Mikumi amepiga simu kuwa amepata mabakuli mawili kutoka Ruaha, moja zima, moja limemeguka pembeni. Nimemwambia asiliguse lililomeguka. Jumamosi nakwenda na basi la asubuhi.